Ufundi wa Kupunguza

Samaki wa Ziwa Moero huondoka Pweto kwa lori, na fedha zake siku hizi huweza kurudi kwa simu. Mama aliyepakia magunia ya samaki wakavu kwenda Lubumbashi si lazima angoje dereva amletee bahasha. Mnunuzi hutuma, naye huenda kwenye kabine ya wakala kutoa. Vodacom ilileta M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, Kongo mwaka 2012, na mtu huweza kuweka humo dola au franka, maana huku biashara kubwa huhesabiwa kwa dola na mahitaji ya kila siku kwa franka. Kwenye skrini ni mstari mmoja tu wa kuchagua. Aliyeuweka alikuwa ameshaielewa biashara yetu.

Mfano ninaoupenda zaidi wa ufundi huo wa kuielewa haja kwanza uko Kenya, Oktoba 2005. Vodafone, kwa fedha zake na za serikali ya Uingereza, ilianza majaribio pamoja na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Walioongoza kazi ni Nick Hughes na Susie Lonie. Lengo lilikuwa wazi: mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Wateja hawakufika hata 500. Fedha zilitoka, zikaingia, na wengine wangetangaza ushindi hapo hapo.

Wao waliendelea kutazama. Waliona mkopaji akimlipia mwenzake marejesho. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasitembee nazo mfukoni. Wengine walinunulia ndugu wa kijijini muda wa maongezi. Hakuna aliyewafundisha hayo.

Faulu nayo ilikuwa na mambo yake. Mikopo yake ilidhaminiwa na kikundi, na uhai wa kikundi ni mkutano. Aliyekwisha kulipa kwa simu aliona mkutano hauna haja naye. Basi huduma ya simu ilileta fedha na papo hapo ikalegeza dhamana ya mkopo wenyewe. Juu ya hayo, kuoanisha rekodi za simu na vitabu vya Faulu kulikuwa kazi nzito.

Fundi mwenye pupa angeongeza vitufe: ukumbusho wa mkutano hapa, ripoti pale. Hawa walipunguza. Safaricom ilipozindua huduma hiyo kwa jina la M-Pesa Machi 2007, mikopo haikuwa kiini chake tena. Yalibaki mambo machache: weka, tuma, toa, nunua muda wa maongezi. Menyu ilikaa ndani ya kadi ya SIM, hivyo hata simu ya bei ndogo kabisa ilitosha. Safaricom ilitaka mteja asihamie mtandao mwingine. Mteja alitaka fedha zifike nyumbani. Kitendo kimoja kilitimiza haja zote mbili, na kabla mwaka haujaisha waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Sasa tuseme wauza samaki wa Pweto wamwite kijana wa Lubumbashi awatengenezee programu ya kuonyesha bei. Fundi mzuri hatakimbilia rangi na picha. Atauliza: mwakani mnataka nini kiwe kimebadilika? Samaki wasiharibike njiani, au wanunuzi walipe mapema? Kama shida ni kuharibika, kinachohitajika ni habari za malori: lipi linaondoka lini, lina nafasi kiasi gani. Kama shida ni madeni, kinachohitajika ni orodha ya wadaiwa inayofanya kazi hata mtandao ukikatika, na inayomkumbusha mnunuzi siku ya kulipa. Bei inaweza isihitajike kabisa; huenda kila muuzaji anaijua kwa kumpigia dada yake aliye sokoni.

Kisha watakubaliana kipimo. Kama leo deni husubiriwa wiki tatu, je, baada ya miezi sita zitakuwa wiki ngapi? Idadi ya waliopakua programu haijibu swali hilo. Wiki zisipopungua, kazi haijaisha, hata skrini ipendeze namna gani. Na fundi akigundua kwamba daftari na ujumbe mfupi wa simu vinatosha, awaambie hivyo waziwazi, nao wamlipe kwa ushauri huo.