Pongezi kwa Mshauri Nasaha wa Kaptembwo

Haanzi na maswali mazito. Huanza na "Umekula?", kisha husogeza kiti cha plastiki kando yako, si ng'ambo ya meza. Mshauri nasaha ninayemsifu hapa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, hana kochi la ngozi. Ana thamosi ya chai na masikio. Kimya kikizidi, husimama: "Twende tutembee kidogo." Basi hao, polepole, bega kwa bega kwenye vumbi la mtaa, bodaboda zikiwapita. Mwanamume asiyeweza kukutazama usoni husema mengi akiitazama njia. Mabega yaliyokakamaa hushuka, pumzi hurudi, na neno lililokwama kooni hupata mlango.

Mtaa huu unaihitaji kazi hiyo. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwagawanya majirani Nakuru, na wapo ambao hadi leo wakisikia mayowe usiku huvaa viatu kwanza. Wala usikilizaji wa namna hii hauko hapa tu: huko Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kuwasikiliza watu kwenye benchi. Kwetu Kenya, sheria ya washauri na wanasaikolojia ilipitishwa 2014, ingawa chai haikungoja sheria.

Kutembea hakutibu kila kitu, naye analijua hilo. Anayehitaji daktari humpeleka mwenyewe hadi hospitalini. Malipo? Mara nyingine ni asante tu.

Ukikutana naye njiani, msalimie. Ila usimuulize jana alikuwa akitembea na nani.