Sahani Moja Kutoka Kitwe

Kashikishi, soko la samaki linalopakana na Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, samaki wadogo waitwao chisense huanikwa mchangani hadi ufuko wote unametameta. Wakishakauka hutiwa kwenye magunia na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Ukanda wa Shaba. Njia hiyo ni ya zamani. Tangu enzi za mkoloni samaki wa Mweru wamewalisha wachimba shaba, na vijana wa mkoa huo wa Luapula wamewafuata samaki hao kutafuta kazi migodini. Walikwenda na lugha yao na ngoma zao. Wako waliorudi na gitaa.

Katika miji hiyo ya migodi ndiko ulikozaliwa muziki wa roki wa Zambia, Zamrock. Wengi wakiutaja huitaja bendi ya WITCH ya Jagari Chanda, au mwanamuziki Paul Ngozi. Wachache huitaja Amanaz, bendi ya vijana watano wa Kitwe: Keith Kabwe, John Kanyepa, Isaac Mpofu, Jerry Mausala na Watson Lungu. Mwaka 1975 walitoa albamu moja tu, "Africa", na moja hiyo inatosha.

Ufundi wake umo katika kujizuia. Sikiliza "Khala My Friend": mwendo wa taratibu, gitaa safi lisilo na mkwaruzo, besi inayotembea bila haraka, na sauti inayoimba kama mtu anayeagana na rafiki mlangoni. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Solo inapoingia, kila noti inaachiwa nafasi ya kupumua. Kisha unakuja "History of Man", na gitaa lilelile sasa linanguruma, limejaa mikwaruzo, na sauti imekuwa nzito ya hasira. Ukali huo unauma kwa sababu upole ulitangulia.

Waliimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, kama mtu wa Kitwe anavyochanganya lugha sokoni. Albamu yenyewe ilitoka kwa michanganyo miwili: mmoja mkavu, ala zikiwa karibu na sikio, mwingine umejaa mwangwi, kana kwamba bendi inapiga ng'ambo ya maji.

Kwa nini ikasahaulika? Serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliwahi kuagiza asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa nyumbani, na bendi zikapata msukumo. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na pesa ya kununua sahani za muziki na ya viingilio vya maonyesho ikaondoka nayo. Baadaye UKIMWI uliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Wasikilizaji nao wakahamia kalindula, muziki wenye asili ya Luapula, uliopewa jina la besi ya kuundwa kwa mkono, iliyowambwa ngozi. Ufuko uliopeleka vijana mjini sasa uliupelekea mji mdundo.

Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla ya "Africa" kuchapishwa upya Ulaya na Marekani. Leo kampuni ya muziki ya Now-Again ya Los Angeles inaiuza michanganyo yote miwili kwa wasikilizaji ambao hawajawahi kuiona Kitwe. Redio za Zambia, na za majirani zake wanaozungumza Kiswahili ng'ambo ya Mweru, zina kila sababu ya kuipiga. Zianze na "Khala My Friend", na ziuache wimbo uishe wenyewe kabla mtangazaji hajasema neno.