Pete ya Rangi Mbili na Jua la Bukoba

Saa 12 kamili asubuhi, Bukoba bado kuna giza. Wanafunzi wameshaingia barabarani, lakini upande wa ziwani Kisiwa cha Musira ni kivuli tu. Jua litachomoza baada ya dakika 50 hivi. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45 mashariki, na Bukoba iko karibu na 31.8. Jua hutumia dakika 4 kuvuka digrii moja, kwa hiyo zile digrii 13.2 zinazotutenga na mstari huo zinazaa ucheleweshaji wa dakika 53. Kwa mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa 12:32 hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 1:02 hivi, katikati ya Februari. Muleba hali ni hiyohiyo, tofauti haifiki hata dakika moja.

Nimeanza na jua kwa sababu nataka kuichambua Rolex GMT-Master, saa ya mkono ambayo wakusanyaji duniani wanaigombania toleo kwa toleo. Mara nyingi uchambuzi wake huishia kwenye bei na umaarufu. Mimi naiuliza swali la huku kwetu: ni toleo gani linaweza kuonyesha siku ya mtu wa Bukoba jinsi ilivyo?

Saa hii ilizaliwa katikati ya miaka ya 1950, wakati shirika la ndege la Pan American lilipohitaji saa ya marubani wa safari ndefu. Rubani alitaka kuona saa za Greenwich na saa za pale alipo bila kupiga hesabu. Suluhisho lilikuwa mshale wa nne unaozunguka uso wa saa mara moja kwa saa 24, pamoja na pete ya nje yenye mizani ya saa 24, ambayo mvaaji anaweza kuizungusha kwa vidole. Pete hiyo ikapakwa rangi mbili: bluu kwa usiku, nyekundu kwa mchana. Wakusanyaji wakaipa jina la Pepsi kwa sababu ya rangi za soda hiyo.

Iangalie pete hiyo kwa karibu. Bluu imeshika nusu ya juu, nyekundu nusu ya chini, na mishono ya rangi iko kwenye 6 na 18. Hapo ndipo saa 12 asubuhi na saa 12 jioni zilipo, mahali ambapo Mswahili anaanza kuhesabu mchana wake na usiku wake. Waliobuni pete hii walikuwa wakiwafikiria marubani, lakini siku waliyoichora ni ileile tunayoihesabu sisi. Matoleo yenye pete nyeusi yote yana wapenzi wake, ila kwa hoja hii hayatufai.

Toleo la kwanza, namba 6542, lilikuwa na pete ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani iliyopasuka kirahisi. Iliachwa, ikaja pete ya alumini. Ndiyo maana 6542 yenye bakelaiti nzima ni adimu na inatafutwa kwa udi na uvumba. Ilifuata namba 1675, iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 1980, na hiyo ndiyo wengi wanaihesabu kuwa GMT-Master yenyewe. Rangi ya alumini yake hupauka kwa jua na maji ya chumvi: bluu inageuka kijivu, nyekundu inaelekea waridi. Mnunuzi wa kawaida angeiona imechakaa. Mkusanyaji huongeza bei.

Ndani ya 1675 mshale wa saa 24 umefungwa kwenye mtambo mmoja na mshale wa kawaida wa saa, kwa magurudumu ya meno yanayoufanya uende nusu ya mwendo wa mwenzake. Huwezi kuutenganisha. Ukitaka kusoma saa za nchi nyingine, unazungusha pete. Pete hiyo haina vituo: inashikiliwa na msuguano tu, hivyo inakubali kusimama popote unapoiacha.

Huo msuguano ndio unaoifaa Bukoba. Kwenye mzunguko wa saa 24, kila saa moja ina digrii 15, sawasawa na digrii ambazo jua huvuka kwa saa moja. Kwa hiyo huhitaji jedwali. Zungusha pete digrii 13 kwa mwelekeo wa mishale, yaani kiasi kile kile cha longitudo kinachotutenga na mstari wa 45, na mshono wa bluu na nyekundu utakaa mahali jua linapotokea ziwani. Novemba unairudisha nyuma kidogo, Februari unaisogeza mbele kidogo, digrii kama 4 kila upande. Aliyeko Dar es Salaam, longitudo 39.3, atazungusha digrii 5.7 tu.

Matoleo ya sasa yana pete ya vituo 24, na kila kituo ni saa nzima. Kwa Dar es Salaam hapo hakuna ufumbuzi, kwani dakika zake 23 zinaangukia katikati ya vituo. Bukoba ina bahati. Kituo kimoja kwa mwelekeo wa mishale kinaupeleka mshono kwenye saa 1 kamili asubuhi na saa 1 kamili jioni. Kwa wastani jua letu huchomoza saa 12:49 na kuzama saa 12:56, kwa hiyo kosa la machweo ni dakika 4 tu. Na kituo hichohicho kinaigeuza pete kuwa saa ya Rwanda, iliyo nyuma yetu kwa saa moja. Dereva anayeelekea Kigali kupitia Rusumo anasoma saa za mwenyeji wake palepale. Anayepitia Mutukula kwenda Uganda hana cha kubadilisha. Kusema kweli, jua la Bukoba liko karibu zaidi na saa ya Kigali kuliko saa ya Dodoma.

Kuna kishawishi cha kuizungusha pete robo nzima ili ile pembetatu ya juu ikae kwenye saa 12 asubuhi na namba zisome saa za Kiswahili moja kwa moja. Mchana namba zitasoma vizuri: saa 2, saa 4, saa 6. Lakini bluu itaanza usiku wa manane na kuishia adhuhuri, na maana yote ya rangi itapotea. Mimi nisingefanya hivyo. Mtu aliyezoea kusoma saa kwa namba ya upande wa pili hahitaji pete imfanyie kazi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitoka namba 16760, GMT-Master II ya kwanza, yenye pete nyekundu na nyeusi. Gamba lake ni nene kwa ajili ya mtambo mpya, na wakusanyaji wakaibatiza Fat Lady. Mtambo huo uliutenga mshale wa saa: unavuta kitufe cha ubavuni hatua moja, na mshale unaruka saa moja moja, mbele au nyuma, bila kusimamisha dakika wala sekunde. Tarehe inafuata mshale huo.

Basi upeleke mshale mbele saa 6. Uso wa saa utasoma saa za Kiswahili, na mshale wa saa 24 utabaki kwenye saa za ofisini. Kwa kuwa mtambo sasa unaamini kwamba saa 12 jioni ni usiku wa manane, tarehe itabadilika saa 12 jioni, kama desturi yetu ya zamani inayoanza siku mpya jua likizama, ambayo bado inafanya Alhamisi jioni iitwe usiku wa Ijumaa. Ukiurudisha nyuma saa 6, uso utaonyesha saa ileile, ila tarehe itageuka saa 12 asubuhi. Mielekeo hiyo miwili inatofautiana kwa tarehe pekee, na sijaona saa nyingine ya kifahari inayoibeba siku ya Kiswahili kwa ukamilifu kiasi hiki.

Pete za sasa ni za kauri na hazipauki. Ile ya bluu na nyekundu, iliyotoka 2014, huundwa nyekundu yote, kisha nusu yake hunyweshwa chumvi za metali zinazogeuka bluu ikichomwa kwenye tanuru. Ni ufundi mkubwa, lakini chaguo langu linabaki 1675.

Asiyeweza bei ya Rolex, na hao ndio wengi wetu, atazame Seiko 5 Sports GMT ya 2022, yenye mtambo 4R34. Hapo mshale unaotengwa ni ule wa saa 24, si wa saa, kwa hiyo mshale wa saa hauruki peke yake, ila pete yake nayo huzunguka kwa msuguano bila vituo. Ukipewa 1675 uikague, izungushe pete hadi digrii 13, ivae siku nzima, kisha tazama kama mshono umebaki ulipouacha. Pete iliyolegea itahama kila mkono wa shati utakapoigusa, na fundi atalazimika kuifungua na kubadilisha springi ya chini yake.