Kaburi Lisilokuwamo Kwenye Ratiba: Uhakiki wa Ziara za Urithi za Aurangabad

Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni nilimtembelea dada yangu, anayesoma Pune katika jimbo la Maharashtra, nchini India. Tulitenga siku tatu, tukapanda basi hadi Aurangabad, mji ambao tangu 2023 unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, ili tuone mapango ya Ellora na ngome ya Daulatabad. Nilirudi Uganda nikiwa na malalamiko mengi. Baadaye niligundua kwamba nusu ya malalamiko hayo yalinihusu mimi mwenyewe. Katika makala haya ninaihakiki ziara ile kwa maswali yale yale tunayoiuliza riwaya darasani: nani anasimulia, anamsimulia nani, na nani amenyimwa sauti?

Nianze na sifa, kwa kuwa zinastahili. Ellora ina mapango 34 yaliyochongwa katika mlima mmoja: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu na 5 ya Wajaini. Pango la 16, hekalu la Kailasa la karne ya 8, halikujengwa kwa kupandisha mawe. Waashi walianza juu ya mwamba wakateremka, wakiondoa jiwe hadi hekalu zima likabaki limesimama peke yake, pamoja na ua, nguzo na tembo wake. Mwashi aliyekosea hakuwa na nafasi ya kubomoa na kuanza upya. Mwongoza watalii wetu alilieleza jambo hili vizuri. Alitusimamisha mbele ya ukuta, akatuonyesha alama za patasi, kisha akanyamaza ili tutazame wenyewe. Sina ugomvi hata na tiketi: raia alilipa rupia 40, sisi wageni tukalipa 600. Mbuga zetu za wanyama nazo humtoza mgeni zaidi.

Huko Daulatabad pia alijua kazi yake. Alitupitisha katika njia ya giza iliyochimbwa ndani ya kilima ili kumpoteza adui, tukitembea tumeshikana mikono huku popo wakipiga kelele juu yetu. Alisimulia jinsi Sultani Muhammad bin Tughluq alivyouhamishia mji mkuu hapo kutoka Delhi mwaka 1327, na jinsi uamuzi huo ulivyowatesa watu. Akamtaja Ibn Battuta, aliyemtumikia sultani huyo akiwa kadhi. Nilifurahi, kwa sababu sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu Ibn Battuta kwa safari yake ya Kilwa ya mwaka 1331. Ghafla ngome ile haikuwa ngeni tena. Hata njiani nilikuwa nimesikia watu wakisema gari, pesa na chapati, nikaona kama maneno yangu yalitangulia kufika.

Kasoro ilianza tulipokuwa mjini. Mwongozaji alituonyesha lango la Bhadkal na mabaki ya mifereji ya chini ya ardhi iliyoteremsha maji kutoka vilimani. Kila alipofika kwenye jina la mjenzi alisema tu, “watawala wa zamani.” Dada yangu alimuuliza: watawala gani? Akajibu, “Malik Ambar, Habshi mmoja,” kisha akaendelea na hadithi ya wafalme wa Mughal.

Habshi ni neno tunalolijua: ndilo Mhabeshi. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa wa Uarabuni na Baghdad, hadi akafika uwanda wa Dekani. Huko alinunuliwa na waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi. Baada ya kuwa huru alikusanya jeshi lake, akawa ndiye mtawala halisi wa usultani huo kwa niaba ya masultani wake. Mwaka 1610 alikifanya kijiji cha Khadki kuwa mji mkuu. Khadki ndiyo Aurangabad. Kwa maneno mengine, “Habshi mmoja” ndiye mwanzilishi wa mji tuliokuwa tumesimama ndani yake.

Kesho yake tulipanda teksi iliyotupitisha Khuldabad. Ratiba ilikuwa na kaburi la Aurangzeb, mfalme wa Mughal aliyefariki mwaka 1707. Kaburi la Malik Ambar, aliyefariki mwaka 1626, liko katika mji huo huo, lakini halikuwamo kwenye ratiba. Tulipomwomba dereva atupeleke, alisema, “Hakuna kitu pale.” Tulimwongezea fedha kidogo. Tulikuta jengo la mawe lenye kuba, majani yaliyokauka, na utulivu. Hapakuwa na mtalii mwingine.

Sitaki kutia chumvi. Malik Ambar si mtu asiyejulikana. Wanahistoria wa India na wa nje wameandika juu yake. Hoja yangu inahusu ziara, maana wageni wengi hawasomi vitabu vya historia. Wanachosikia kwa saa mbili ndicho wanachoondoka nacho. Ziara huchagua wahusika wakuu na wahusika wadogo, na uchaguzi huo hauna bahati nasibu. Mji wenyewe ni ushahidi. Khadki iligeuzwa jina na mwana wa Malik Ambar, ikageuzwa tena kwa jina la Aurangzeb, na sasa imegeuzwa kwa jina la Sambhaji, mtawala wa Wamaratha ambaye Aurangzeb alimuua. Kila anayeshika kalamu huanza kwa kufuta kidogo. Mjenzi aliyetoka ng’ambo, asiye na ukoo mkubwa wa kumdai leo, ni rahisi kufutwa bila mtu kulalamika.

Hata adui yake alimpa heshima kubwa kuliko ile ratiba. Mfalme Jahangir, aliyeshindwa kummaliza vitani, aliagiza achorwe picha akikipiga mshale kichwa kilichokatwa cha Malik Ambar. Tukio hilo halikutokea kamwe. Picha ilimpa mfalme ushindi ambao vita vilimnyima. Lakini angalau ilikiri kwamba alikuwapo mtu wa kupigwa mshale.

Sasa nifike kwangu. Pale kaburini nilipiga picha nyingi, nikawatumia wanafunzi wenzangu na maneno haya: “Mwafrika wetu aliyejenga mji wa India.” Niliporudi na kuyasoma tena niliona aibu. Wetu kwa vipi? Malik Ambar alipigania usultani wa Ahmadnagar, akazikwa kama Mwislamu wa Dekani. Sidhani kwamba alijihesabu mtu wa bara niliyemwakilisha mimi kwa simu yangu. Isitoshe, baada ya kulijua jina lake niliharakisha kila kitu kingine. Mapango ya Wajaini kule Ellora sikuyaingia kabisa, kwa kuwa hayakuwa na “wetu” ndani yake. Nilimlaumu mwongozaji kwa kuchagua shujaa wake, huku nami nimechagua wangu.

Kuna jambo zito zaidi. Nimekulia Jinja. Mama yangu ana duka la vitambaa kwenye jengo la zamani ambalo juu ya baraza yake pamechongwa jina la Kihindi na mwaka, 1927. Nimepita chini ya jina hilo tangu nikiwa chekechea, na sikuwahi kuuliza ni la nani. Nilijua, kama kila Mganda anavyojua, kwamba mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nilijua pia kwamba bibi yangu alianza kupanga pale mwaka uliofuata. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyaweka pamoja.

Niliporudi kutoka India nilimuuliza mama jina lile ni la nani. Aliendelea kukunja kitambaa, kisha akasema, “Mwanangu, maswali mengine huleta wenye nyumba.”

Jibu hilo lilinifundisha kuhusu Khuldabad kuliko kitabu chochote. Nilikuwa nimedhani kwamba ukimya wa ziara ni uvivu au ujinga. Kumbe mara nyingi ukimya una kazi: unalinda kodi ya nyumba, unalinda jina la mji, unamlinda mtu asiulizwe alipatapataje alichonacho. Mama yangu si mtu mbaya. Pengine hata dereva yule aliyesema hakuna kitu pale hakuwa mtu mbaya.

Kwa hiyo pendekezo langu halihitaji bajeti kubwa. Ziara za Aurangabad zilitaje jina la Malik Ambar langoni na kwenye mifereji, na zisimame dakika 20 kaburini kwake, kwani gari tayari linapita mlangoni. Lakini sisi tusomao Kiswahili hatuna haki ya kuyadai haya huku miji yetu ikiwa na majina juu ya baraza ambayo hakuna anayeyasoma kwa sauti. Mwezi uliopita nilimwendea fundi cherehani mzee anayeshonea nguo kwenye baraza ile ile. Alilikumbuka jina. Alikumbuka pia kwamba mwenyewe alikuwa akiuza vitambaa, na kwamba aliondoka na masanduku mawili. Nimeyaandika. Mama bado hajui.