Ndizi Kwenye Sarafu ya Nchi ya Shaba

Faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961 mnaijua, sihitaji kuieleza sana. Upande mmoja msalaba wa shaba, upande wa pili mkungu wa ndizi. Ndizi! Miaka mingi naishika sarafu hiyo hapa Kamatanda, mjini Likasi, na kila ninapofika upande ule kidole changu huigeuza chenyewe.

Wapo watakaosema ndizi ni chakula, na chakula ni baraka. Sawa. Lakini nani Likasi hushiba ndizi? Sisi ni watu wa bukari, yaani ugali. Huku ni pori la miombo na kiangazi kirefu. Migomba iko uani, mitatu minne, ndizi zake ni za watoto. Aliyeketi kuchagua alama za sarafu ya Katanga changa alikuwa na mawe ya malakiti mbele yake, na tanuri la udongo wa kichuguu, na mvukuto, na mafundi wa Kisanga na Kiyeke waliomimina shaba kwenye kalibu kabla mzungu hajaja. Alikuwa na kiwanda cha shaba cha Shituru. Misalaba mitatu ilikuwa tayari kwenye bendera. Akachagua mkungu. Kwa hiyo sarafu ya bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba, inasifu shamba badala ya shimo, kana kwamba mchoraji aliagizwa picha ya koloni fulani la joto, lolote lile.

Mtamtetea kwamba kulikuwa na vita. Kweli: Septemba mwaka huohuo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa Likasi, enzi hizo Jadotville. Lakini Postumus, jemadari wa Kirumi, naye alikuwa amejitenga kama Katanga. Alishika Gaul tangu mwaka 260, Roma ikimtaka kichwa, na bado wachongaji wake walipiga Hercules wa Deuso, mungu wa kwao, jina la mahali likiwa limeandikwa waziwazi. Aliyejitenga anapaswa kusema yeye ni nani. Postumus alisema.

Na kama ni migodi, Warumi walitangulia zamani. Chini ya Trajan na Hadrian zilipigwa sarafu ndogo za shaba zenye majina ya wilaya za migodi za Dalmatia, Pannonia na Dardania. Vipande vidogo, wakusanyaji wengi huvipita wakikimbilia sura za wafalme. Mimi ningetoa faranga 5 kumi kwa kimoja chenye maandishi yanayosomeka. Hadrian huyohuyo alipiga dinari za majimbo: Hispania na sungura miguuni, Africa kavaa ngozi ya kichwa cha tembo. Mtu wa mbali akiishika anajua ni wapi.

Hata Wabelgiji, ambao siwapendi kwa mengi, walituwekea tembo kwenye faranga 2 ya pembe sita ya mwaka 1943. Tembo yule anatembea kweli.

Msalaba wenyewe wa Katanga, nakiri, umechongwa vizuri.

Sitaacha dhahabu ipite, maana nimelisema mara nyingi. Katanga ilipiga pia faranga 5 ya dhahabu, gramu 13.33, usafi 900 kwa 1,000, yenye mkungu uleule na namba ileile ya 5. Kwa Warumi, aureus 1 ya dhahabu ilikuwa dinari 25 za fedha. Soko zima lilijua kwa jicho na kwa uzito. Hapa bronzi ni 5 na dhahabu ni 5. Hiyo ni zawadi ya mezani kwa wakubwa, haikuwa pesa.

Waliofanya pesa kweli walilala bonde la Upemba. Kwenye makaburi ya bonde lile, kadiri karne zilivyosonga, misalaba ya shaba ilipungua ukubwa na kulingana zaidi, hadi ikawekwa karibu na mikono ya marehemu, ya kuhesabika. Huo ndio uamuzi wa kifedha: umbo moja, kipimo kinachoaminika, na mtu haulizi ni la nchi gani. Hakuna aliyewashauri waweke ndizi.

Basi nyinyi wakusanyaji wenye trei za sarafu: acheni kusugua bronzi kwa ndimu na majivu, mnaichuna ngozi. Na faranga 5 ya Katanga iwekeni upande wa msalaba juu.