Bwana Msa na Silaha ya Ushahidi

Wapo ndugu wanaodai kwamba hadithi za upelelezi ni kasumba tu, chombo cha kumpumbaza kijana asiufikirie umaskini wake. Hoja hii haifai kupuuzwa, wala haifai kukubaliwa bila kuchambuliwa. Hapana budi tuanze na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyeweka msingi wa hadithi hizo katika Kiswahili.

Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960. Tajiri mmoja anauawa, na mauaji yanahusishwa na mzimu, mahali panapoogopwa. Bwana Msa, mvuta kiko, hatishiki. Akiwa na rafiki yake Najum anauliza, anapima, anaunganisha. Hatimaye muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Kisima cha Giningi (1968) nacho kimebeba jina ambalo katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi.

Ni kweli kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, aliyeletwa kwa wasomaji na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Lakini kuazima chombo si utumwa. La msingi ni kazi ambayo chombo hicho kinafanya, na hapa kimeelekezwa dhidi ya ushirikina.

Na ushirikina unaua. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, ilhali moshi wa jikoni unatosha kuyafanya macho kuwa mekundu. Hata hapa Moshono, chini ya Mlima Meru, ng'ombe akifa ghafla, lipo swali la kuchagua: tumwite bwana mifugo, au tumtazame jirani? Anayechagua swali la kwanza amefuata njia ya Bwana Msa.

Hata hivyo, udhaifu upo. Kwanza, Bwana Msa anafikiri kwa niaba ya wote. Umma umebaki mtazamaji. Pili, mkosaji akishajulikana kitabu kinafungwa, na mfumo uliozaa uovu haufikishwi kizimbani.

Je, dawa ni kutia siasa ndani ya hadithi? Elvis Musiba alijaribu katika Kufa na Kupona (1974). Willy Gamba anapigana na maadui wa ukombozi wa Afrika, jambo jema. Lakini bastola, pombe na warembo vinamwendesha msomaji mbio, asipate nafasi ya kupima hoja. Msimamo ni sahihi. Njia ya kufikiri haifundishwi. Kwa upande huu Bwana Msa, asiyehubiri siasa, anafundisha zaidi.

Basi vikundi vya kujisomea visitupe vitabu hivi. Visomwe kwa sauti, visimamishwe kabla ya sura ya mwisho, na kila mwanakikundi aseme nani mkosaji na kwa ushahidi gani. Hapo umma unakuwa mpelelezi. Watu waliozoea kudai ushahidi juu ya mzimu watadai pia ushahidi juu ya hesabu za chama chao cha ushirika, na kiongozi mwaminifu hana sababu ya kuliogopa swali hilo.