Watusi: Senema ya Viraka

Nilipokuwa mtoto mjini Lodwar, palikuwa na banda la mabati karibu na soko ambamo video ilionyeshwa kwa nguvu ya jenereta. Tuliingia kwa shilingi tano, tukaketi mchangani, jasho likitutiririka. Humo ndimo nilimoiona kwa mara ya kwanza senema iitwayo Watusi, iliyotolewa mwaka 1959 na kampuni ya MGM ya Marekani. Sisi tuliozoea migunga na mikoma ya kando ya mto Turkwel tuliiona misitu ile kuwa ajabu kubwa, kama mtoto wa bara aonavyo bahari. Tulimshangilia Mzungu shujaa kila alipoinua bunduki, wala hapana hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini tulikuwa upande wake.

Mwaka jana niliitazama tena, pamoja na wanafunzi wangu wa Kakuma.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Harry Quatermain anakwenda na rafiki yake kutafuta hazina ambayo baba yake aliijua kabla yake; njiani wanakutana na binti wa mmisionari wa Kijerumani, na mara wanaume wawili wanaanza kumgombea. Waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha H. Rider Haggard alichokitafsiri Frederick Johnson mwaka 1929, watatambua asili yake. George Montgomery, anayeigiza Harry, hupita katika hatari zote hizo kama mtu angojaye basi.

Lakini tazameni jinsi ilivyotengenezwa. Mwaka 1950 kampuni ile ile ilikuwa imetoa King Solomon's Mines, ambayo picha zake nyingi zilipigwa katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki na katika Ruanda-Urundi, nayo ikampatia mpiga picha wake, Robert Surtees, tuzo ya Oscar. Baada ya miaka tisa mabaki ya kazi ile yalitolewa kabatini na kushonewa hadithi mpya. Kwa hiyo wanyama hukimbia Afrika, naye Harry huwatazama akiwa Marekani. Mtu akikodoa macho ataiona mishono: nuru ya jua hubadilika baina ya picha na picha, na vumbi lililowafunika wanyama halifiki kamwe kwenye shati la shujaa. Umbopa, ambaye mwaka 1950 aliigizwa na Siriaque, Mtutsi mrefu mwembamba, sasa ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi wa miraba minne. Mabaki hayo hayo yalitumiwa pia mwaka 1959 katika Tarzan, the Ape Man!

Mimi siilaumu kampuni kwa kutia viraka. Mama zetu wametuvisha viraka na tukaenda shule. Neno langu ni juu ya kitambaa. Picha zile zilikuwa za watu walio hai, nao hawakukaa kabatini miaka tisa. Mwaka huo wa 1959 Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung akahamishiwa hapa petu Lodwar, awekwe kizuizini. Mwezi wa Novemba machafuko yalizuka Rwanda, nyumba zikachomwa moto, na Watutsi kwa maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Katika senema, ufalme wao umesimama vile vile, umepambwa, unamngoja mgeni aje kuchukua hazina.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake mna watu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Maziwa Makuu. Siku ile alikuwapo mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, aliyevushwa mpaka mwaka 1959 akiwa mgongoni mwa mama yake. Katika vituko vya Harry alisinzia. Ilipofika ngoma ya Watutsi, wachezaji wakatokea na nywele za katani vichwani, wakirusha shingo na kukanyaga ardhi kwa pamoja, aliamka akasogeza kiti.

“Mwalimu, simamisha hapo,” alisema.

Alituonyesha miguu. Alitueleza kwamba uchezaji ule alifundishwa na baba yake ugenini, katika uwanja wa kambi, na kwamba hakupata kuuona ukichezwa nyumbani. Akauliza majina ya wachezaji. Tulisogeza mbele hadi kwenye majina, tukamkuta Montgomery, tukamkuta na Taina Elg aliyeigiza binti wa mmisionari. Wale wa ngoma hatukuwapata.

Basi ndipo nilipoona kwamba sehemu iliyo bora katika senema hii dhaifu ni ile ambayo watengenezaji wake hawakuitengeneza. Wavulana wa nyuma walitaka tufike kwenye hazina. Mzee akaomba ngoma irudiwe, nasi tukairudia mara tatu, na katika mara ya tatu alikuwa akihesabu hatua kwa vidole juu ya goti lake. Hazina hatukuiona siku hiyo, kwa kuwa moto wa betri ulikwisha.